Siku 14 Ambazo Sikuzitafsiri

Kwa miaka 23 nililipwa mshahara kusema maneno ya watu wengine. Hakimu akisema kwa Kiingereza, mimi nayageuza kwa Kiswahili, na akiwa aliyesimama kizimbani ni bibi wa huko ndani asiyekizoea Kiswahili, nayageuza kwa Kigiriama. Akijibu, narudisha. Kwenye faili mimi sipo. Utakuta neno moja pembeni, mkalimani, na lugha niliyotumia. Nilistaafu mwaka juzi, na ndio kwanza naisikia sauti yangu mwenyewe. Wajukuu wanasema imezidi.

Sentensi niliyoitamka mara nyingi kupita zote, kupita hata "inua mkono wa kulia", ni hii: Una haki ya kukata rufaa ndani ya siku 14. Hakimu huitoa mwisho kabisa, kifungo kimeshaandikwa na macho yake yameshahamia faili linalofuata. Kwenye mwandiko wake ni herufi mbili na tarakimu. Nami sikuwa na adabu kumshinda yeye. Wachache niliwaadhinia, polepole kama adhana ya msikitini, wengi niliwakimia kama ikama, mbio mbio kwa pumzi moja, huku askari ameshamshika mtu suruali kwa nyuma.

Lakini niliisema. Mwizi wa kuku aliambiwa. Mpika chang'aa aliambiwa, tena wengine wanaijua kwa moyo na wananitangulia kuimaliza. Kuna mtu mmoja hakuambiwa, naye hakuwa ameiba wala kupika chochote. Alikuwa anaumwa.

Ilikuwa Mei 2009, katika korti ya mji mmoja wa pwani ya Kenya. Siutaji mji wenyewe. Baadhi ya waliokuwamo siku ile wangali kazini, na wengine tunaswali safu moja. Masika yalikuwa yamepamba moto, mvua ikilipiga bati mpaka hakimu anaweka kalamu chini na kungoja. Baada ya kesi za matatu likaitwa faili jembamba, mbavuni limeandikwa kwamba ni la mambo mengineyo. Faili la jinai huanza na karatasi ya mashtaka. Hili lilianza na barua ya afisa wa afya ya umma.

Kizimbani akapanda mwanamume wa miaka thelathini hivi. Mgema. Viganja na nyayo zake zilikuwa na sugu za kukwea minazi, na mdomoni alijifunga leso ya mamake. Jina la leso, ule msemo wake, lilikuwa limekunjwa ndani, na mimi nina tabia mbaya ya kusoma leso za watu, basi nikawa natafuta herufi badala ya kusikiliza. Hadithi yake ilikuwa ya kawaida. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi miwili, kikohozi kikaisha, akarudi minazini. Wanaozijua zile dawa wataelewa. Ni vidonge kadhaa kwa mpigo, asubuhi, tumbo tupu. Mkojo unatoka rangi ya chungwa mpaka mtu anadhani anakojoa damu, na njaa inayofuata si ya kikombe kimoja cha uji. Dozi ni miezi 6, na ile miwili ya kwanza ndiyo inayodanganya, maana mtu hupona usoni kabla hajapona mapafuni. Kikohozi kikarudi. Muuguzi alimfuata nyumbani mara mbili asimkute. Mara ya tatu walikuja polisi.

Kwa kawaida nikishamsomea mtu shtaka namuuliza: ni kweli au si kweli? Siku ile hapakuwa na shtaka. Afisa alizungumza na hakimu kama dakika nne hivi, mimi nikinong'ona vipande nilivyovidaka, mvua ikila vingine. Mgema alikuwa ananitazama mdomo. Kukawa kimya, naye akadhani zamu yake imefika.

"Nakubali," akasema.

Hakimu akaniuliza anakubali nini. Nikamuuliza.

"Nakubali kwamba nakohoa."

Nikatafsiri. Watu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilijiziba uso kwa daftari.

Amri ikaandikwa: atengwe gerezani miezi 6, au mpaka daktari atakaporidhika. Nikamwambia, "Utatengwa gerezani." Kutengwa na gereza ni maneno yanayogombana, na mimi niliyapanga kwenye sentensi moja bila kujikwaa. Mtu anayekohoa atatengwa vipi kwenye selo ambamo wanaume wamelala mbavu kwa mbavu, akigeuka mmoja wamegeuka wote? Hilo lilinijia jioni, naoga. Mle kortini nilikuwa kinywa tu.

Kisha nikangoja. Ulimi ulishajipanga kwa sentensi ile ya siku 14, kama mguu unaotafuta kipandio cha mwisho gizani. Hakimu akafunga faili. Hakuitaja. Na mkalimani haongezi neno. Ukiongeza leo, kesho wakili atauliza umeongeza mangapi, na kesi zote ulizopitia zitanuka. Basi nikafunga kinywa, na mgema akashuka.

Mamake alinikamata barazani, amerowa chapachapa.

"Mwanangu kaiba nini?"

"Hakuiba, mama."

"Kampiga nani?"

"Hakumpiga mtu."

"Basi mbona kafungwa?"

"Hakufungwa, mama. Ametengwa."

Akanitazama muda mrefu. "Gari lililomchukua ni la jela," akasema.

Nilimwambia atafute wakili. Hilo ndilo jibu tulilofundishwa kulitoa, kwani karani wa korti kama mimi haruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria, na kanuni hiyo ina sababu zake nzuri. Yule mama alikuwa ameuza kuku kupata nauli ya kuja. Nililijua hilo wakati nalisema neno wakili.

Wiki ya pili askari jela mmoja, aliyezoea kutuletea makaratasi ya rufaa, alinisimulia jambo kama mzaha. Mfungwa hana haja ya kutoka ili akate rufaa. Sheria inamruhusu kumkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake, naye ndiye azifikishe Mahakama Kuu. Ni mpango mzuri, na magerezani kuna wafungwa waliobobea kuandika rufaa kuliko mawakili wengine ninaowajua. Basi wenzake wakamkalisha mgema wamwandikie. Fomu yao ilikuwa na nafasi ya kosa na nafasi ya kifungo. Kosa hana. Kifungo, hawajui kama kile ni kifungo. Wakaziacha wazi zote mbili, karatasi ikaenda ofisini, ikarudi selo: haijakamilika.

Askari alicheka. Mimi nilikwenda kabatini nikachukua Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, nikaisoma saa ya chakula cha mchana.

Ni sheria ya zamani, ilianza kutumika Septemba 1921. Hakimu alikuwa ametaja kifungu cha 27. Mimi si wakili, ila ukikaa miaka mingi katikati ya lugha mbili unakuwa mchoyo wa maneno, kila moja unalipima. Kifungu kinamzungumzia mtu aliyekaribiana na ugonjwa wa kuambukiza, ambaye huenda umeshamwingia ila bado haujajitokeza, na ambaye anapolala hapafai kuzuia usisambae. Huyo, kwa cheti cha afisa wa tiba na kwa amri ya hakimu, anaweza kuhamishiwa mahali pa kutengwa, kwa gharama za serikali ya mitaa ya pale alipopatikana. Na atazuiliwa hapo mpaka afisa aone hana hatari tena, au mpaka hakimu afute amri.

Nikarudia: au mpaka hakimu afute amri.

Gereza halikutajwa. Mgema mwenyewe, ambaye ugonjwa wake ulishajitokeza mpaka ukafika kortini, alikuwa anabanwa kwenye kifungu kisichomkaa vizuri. Ila kilichoniumiza ni yale maneno ya mwisho. Mlango ulikuwa umechongwa ndani ya kifungu kile kile kilichomfungia, na si mlango wa Mahakama Kuu ya mbali. Ni wa hakimu yule yule, chumba kile kile, hatua thelathini kutoka kwenye meza yangu. Na hakuna aliyetakiwa kumwonyesha.

Kwa nini hakimu hakuitaja rufaa? Kwa muda nilidhani alisahau kwa sababu ya mvua. Baadaye nikaelewa kwamba huenda hakusahau. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu cha 347, humpa haki ya kukata rufaa kutoka mahakama ya chini mtu aliyetiwa hatiani. Kifungu cha 349 ndicho chenye siku zile 14. Mgema hakutiwa hatiani. Hakushtakiwa. Kwa hiyo mwizi wa kuku alikuwa na mlango wenye namba na jina, na mgonjwa hana, kwa sababu tu hakufanya kosa. Hata Katiba ya 2010, tunayoisifu kwa haki, inapotaja rufaa katika ibara ya 50 inaanza na sharti lile lile: ukipatikana na hatia.

Haina maana kwamba alikuwa amezibiwa kila upande. Mahakama Kuu inaweza kuliitisha faili la jinai la mahakama yoyote ya chini na kuangalia kama amri iliyotolewa ni halali. Hicho ni kifungu cha 362 na ndugu zake. Nimeona faili zikiitishwa kwa sababu ya barua ya ukurasa mmoja, haina hata mstari ulionyooka, iliyomfikia jaji kutoka gerezani. Na kuna ile amri ya Kilatini, habeas corpus, ya kumtaka anayemzuilia mtu amfikishe mbele ya jaji. Maana yake neno kwa neno ni "uwe na mwili". Siku moja, nilipokuwa Mahakama Kuu, wakili alimweleza mteja wake, mama wa kijana aliyezuiliwa, ukumbini, kwa Kiswahili cha haraka, kwamba jaji ameamuru "waulete mwili kesho saa tatu". Mama yule alijitupa chini akaanza kulia msiba. Ilibidi nikimbie kumwambia mwanao yu hai, mama, mwili hapa ni yeye mzima na pumzi zake. Tangu siku ile nikiifasiri nasema "mleteni mwenyewe", na hakuna jaji aliyewahi kunisahihisha.

Haya, nirudi kwa mgema. Siku ya 16 mamake alikuja tena kumwulizia, na safari hii nilifanya jambo ambalo sijawahi kuliandika mahali. Nilitoka nje kama naenda kununua sigara. Sivuti. Chini ya mwarobaini ulio mkabala na korti walikuwa wakikaa waandishi wa barua na taipu zao, shilingi 50 ukurasa. Nikamwambia mama, kaa kwa yule mwenye kofia. Mwambie akuandikie hakimu barua, Kiswahili tu, na aseme hivi: naomba uifute amri ya tarehe fulani, kwa kuwa gereza si mahali pa kutenga mgonjwa, na nyumbani kuna chumba chake peke yake na mtu wa kumshuhudia akimeza dawa. Aandike na namba ya faili. Namba nilimpa kwenye kipande cha gazeti.

Kama huo ni ushauri wa kisheria, basi niliutoa. Wanikate pensheni.

Barua ilipokewa masjala, ikagongwa muhuri, nikaiweka juu ya rundo badala ya chini. Hilo nalo ni langu. Na hakimu, nimpe haki yake, aliisoma. Alimwita afisa wa afya. Alimuuliza baraza la mji limetenga chumba wapi, na nani analipia chakula cha mgonjwa. Afisa akasema hakuna chumba na hakuna fedha. Alimuuliza gerezani kuna mhudumu anayempa dawa kila siku. Afisa akasema atafuatilia. Hakimu akakaa kimya kidogo, akaandika, akanitazama nitafsiri: amri imefutwa, anywe dawa nyumbani, mhudumu wa afya wa kijiji amwone akimeza, na aripoti zahanati kila wiki. Ilikuwa siku ya 23.

Niliitafsiri ile kwa Kigiriama ingawa Kiswahili alikuwa anakielewa. Sijui kwa nini.

Mwaka uliofuata jambo hilo hilo likatokea mbali na kwetu, kule Nandi, na likawa habari ya nchi nzima. Katikati ya Agosti 2010 wanaume wawili walifikishwa mahakama ya Kapsabet kwa kuacha dawa za kifua kikuu. Kifungu ni hicho hicho cha 27. Amri ikawa gereza la Kapsabet, miezi 8, au muda utakaotosha kuwatibu. Niliposoma gazetini nilitetemeka kidogo. Wakati wale wawili wakiwa ndani, tarehe 27 Agosti, Rais Kibaki alitia saini Katiba mpya pale Uhuru Park, mizinga ikapigwa, sisi tukapewa siku ya mapumziko. Ndani ya kurasa zile kuna ibara ya 29 inayokataza kumnyima mtu uhuru ovyo, ya 43 inayompa haki ya afya, na ya 51 inayosema aliyezuiliwa anaweza kuomba aletwe mbele ya jaji. Haki zilizaliwa wao wakiwa rumande ya vidonge.

Waliokuwa nyuma yao walijua mlango uko wapi. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya kwa njia ya sheria, na wenzao walikwenda Mahakama Kuu ya Eldoret, na mwisho wa Septemba ikaamuriwa watoke, wamalizie dawa nyumbani. Walikuwa wamekaa siku 46. Mngeona hapo kesi imekwisha, mtu katoka, basi. Lakini wao waliendelea. Ombi lao la kikatiba likasikilizwa Nairobi, namba 329 ya mwaka 2014, na tarehe 24 Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi akatamka kwamba kuwafunga wagonjwa wa kifua kikuu gerezani chini ya kifungu cha 27 ni kinyume cha Katiba. Wizara ikapewa siku 30 kuwaandikia waraka maafisa wa afya ya umma kwamba kifungu kile hakiwapi ruhusa ya kupeleka mtu jela, na siku 90 kutengeneza sera ya kuwatenga wagonjwa bila ridhaa yao inayolingana na Katiba.

Niliisoma hukumu ile kwenye kompyuta ya masjala, watu wakinigongea kaunta. Nilichokuwa nakitafuta hakikuwa kama gereza ni halali. Hilo hata mama wa leso alilijua. Nilikuwa natafuta sentensi yangu. Siku ile Kapsabet, kuna mtu aliwaambia wale wawili kwamba amri ile inaweza kupingwa, wapi, kwa muda gani?

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi aliyeacha dawa aachwe apande matatu na kukohoa kutoka Mariakani hadi Mombasa. Kifua kikuu kinaua, na kikizoea dawa matibabu yanakuwa mazito zaidi. Mimi mwenyewe nilivuta hewa ya korti ile miaka na miaka, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Kuna siku hakimu atalazimika kuamuru mtu atengwe. Ninachokisema ni kidogo sana, na ni cha kimkalimani: amri inayotoka mdomoni mwa hakimu ni amri, hata ikiwa imevaa koti jeupe. Watu wakisikia "kwa ajili ya matibabu yako" hawasikii kwamba wamefungwa, na wala hawasikii kwamba wanaweza kusema hapana mbele ya mtu wa juu zaidi. Aliyeambiwa "miaka miwili" anajua mara moja pa kuanzia kulalamika.

Wa afya ya akili ndio wameonja zaidi. Nilipohamishiwa Mahakama Kuu kwa miaka miwili, nilikutana na ile amri ya mtu aliyetenda jambo akiwa hana akili timamu: kwamba atawekwa kizuizini mpaka Rais apendezwe. Nitafsiri vipi? Kwa raha ya Rais? Kwa hiari ya Rais? Mara ya kwanza nilisema "kwa radhi ya Rais", na kijana aliyekuwa kizimbani akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Nilimkosea nini Rais?" Hakuna aliyenisaidia kumjibu. Mtu aliyepewa miaka kumi anahesabu. Yule alipewa kitu kisichohesabika, na usilolihesabu utalipinga kwa lipi? Kuanzia mwaka 2016 majaji mbalimbali wamekuwa wakisema kwamba utaratibu huo haukubaliki chini ya Katiba. Yule kijana sijui aliishia wapi, maana mimi nilirudishwa pwani.

Nimeyachimbua haya kwa sababu mwezi uliopita binti wa fundi cherehani wetu alinipigia usiku. Kakake alichukuliwa baada ya kuzua rabsha sokoni, akapelekwa kortini, na korti ikaamuru apelekwe hospitali akachunguzwe akili. Familia ilifurahi: afadhali hospitali kuliko jela. Wiki tatu zikapita, hakuna anayewaambia lini. Binti akaniuliza amwombe nani.

Nilimwambia aache kwanza kuomba, aende masjala. Aseme anataka nakala ya amri, aisome kifungu gani kimetajwa na tarehe gani faili linarudi mbele ya hakimu. Kama hakuna tarehe, hilo lenyewe ni la kulalamikia, aliandikie barua. Nakala za mwenendo wa kesi aziombe kwa maandishi, na nakala ya barua yake igongwe muhuri, abaki nayo. Hili nalirudia kwa sababu nimeona watu wakilia kwa kulikosa: siku 14 zikikupita kwa kuwa korti ilichelewa kukupa nakala, sheria inamruhusu jaji kukuongezea muda, lakini jaji atataka kuona kwamba uliziomba na lini. Muhuri ndio shahidi wako. Karani hawezi kukukumbuka, hata akitaka. Kisha waende ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali, ambayo ipo kwa sheria ya mwaka 2016, waseme tuna mgonjwa amezuiliwa kwa amri ya korti. Waseme amezuiliwa. Wasiseme amelazwa, maana aliyelazwa ataambiwa asubiri daktari.

Binti akaniambia niseme polepole, anaandika. Sikuwahi kuambiwa hivyo kazini.

Kesho yake nikapanda boda nikaenda kumtafuta mgema. Sikuwa nimemwona miaka mingi, ila nilijua yu hai. Kwetu habari za mgema hazipotei. Nilimkuta kando ya barabara kuu, ameketi nyuma ya mkokoteni wa madafu. Hakwei tena; anasema kifua kilipona ila magoti yalikataa. Alimaliza dozi yake yote. Mamake alifariki 2014. Alinitambua kabla sijafungua mdomo, kisha nilipofungua akacheka: "Ni wewe. Sauti ya jela."

Nikamweleza. Kwamba siku ile kulikuwa na sentensi ambayo sikuisema, kwa kuwa hakimu hakuisema, na hakimu hakuisema kwa kuwa yeye hakuwa na hatia. Akasikiliza huku anachagua dafu, analigonga hili, analigonga lile.

"Ungeniambia," akasema, "mimi kule juu ningefanya nini?"

Nikaanza habari ya Mahakama Kuu, faili kuitishwa, kifungu. Akalichonga dafu kwa mapigo matatu ya panga, akanipa.

"Mama alikuwa pale barazani tangu saa moja asubuhi," akasema. "Ungemwambia yeye."

Nikanywa. Alikataa kupokea pesa.